Ukienda Komoro, hesabu usiku, usihesabu vituo

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua Komoro kwa watu wake kuliko kwa nchi yenyewe. Wangazija wamekaa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam vizazi kwa vizazi. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi na mwanazuoni mkubwa wa Zanzibar, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Hata hivyo, anayepanda ndege Dar es Salaam kwenda Moroni mara nyingi anafuata biashara, harusi au msiba. Wanaokwenda kutembea tu ni wachache, na wakishapata likizo yao ya siku nane au kumi, kishawishi ni kile kile: kuandika orodha ndefu ya vituo, kutaka kumaliza visiwa vitatu kwa mkupuo, na kila asubuhi kuwa barabarani au bandarini na mabegi. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Likizo ya kisiwa cha volkano chenye wanyama ipangwe kwa hesabu ya usiku utakaolala mahali pamoja, si kwa idadi ya mahali utakapopita. Chagua kambi mbili, moja Ngazija na moja Mwali, utulie hapo mpaka saa za wanyama zikufikie.

Sababu ya kwanza iko ardhini. Visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, vyote viliinuliwa kutoka chini ya bahari na volkano, wala havikuwahi kushikana na bara wala na Bukini, yaani Madagaska. Kwa hiyo kila kiumbe wa huko alifika kwa kuruka, kwa kuelea au kwa kuletwa na watu. Usitafute swala, utakuta popo, ndege, mijusi, kasa, na komba wa jamii ya lemuri ambao mababu wao waliletwa na wasafiri kutoka Bukini. Umri wa visiwa nao haulingani. Maore ndicho kikongwe, kimeliwa na mvua na mawimbi mpaka kikabaki katikati ya bahari tulivu iliyozungukwa na matumbawe. Ngazija ndicho kichanga: volkano yake, Karthala, bado iko hai, na lava yake ina vitundu vingi hivi kwamba mvua ikinyesha maji huzama palepale. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu, na kwa karne nyingi watu wameishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga kwenye mabirika. Mwali iko kati ya hali hizo mbili. Milima yake imechakaa na kushuka, ina vijito, ina msitu, ina matumbawe, na upande wa kusini ina visiwa vidogo visivyokaliwa. Anayelielewa hili hahitaji orodha ndefu. Anajua kwamba mlima na mawe meusi atayaona Ngazija, na kwamba kasa, popo na nyangumi awafuate Mwali. Maore, ambayo imebaki chini ya Ufaransa, ina viza yake na safari yake, nami naiacha kando.

Tuanze na Karthala, kwa sababu ndipo haraka inapomponza mtu waziwazi. Mlima una mita 2,361, na shimo lake la juu, kasoko, lina upana wa kilomita kama tatu kwa nne. Njia inayotumiwa sana huanzia vijiji vilivyo juu ya Moroni, kama Mvouni, na mtu wa kawaida hutumia saa sita hadi nane kufika ukingoni. Unapita kwanza mashamba ya migomba na mihogo, kisha msitu wenye unyevu ambao miti yake imevaa kuvumwani na jamii za kangaga, halafu vichaka vifupi vya mlimani, na mwisho mawe matupu. Wapo wanaopanda na kushuka kwa siku moja, na ukishikilia utampata wa kukukubalia. Usishikilie. Mawingu hukusanyika mlimani kadiri jua linavyopanda, hivyo anayeondoka mjini asubuhi hufika juu wakati ukungu umeshatanda. Amechoka, haoni mbele wala chini, na analazimika kugeuka upesi ili giza lisimkute msituni. Anayelala juu huamka alfajiri kukiwa kweupe, akaliona shimo lote, miamba yenye rangi ya kutu, uwanda wa majivu, na mvuke mwembamba unaotoka kwenye nyufa. Isitoshe, usiku wenyewe una mambo yake. Karthala ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na mmoja wao ni bundi mdogo ambaye watu humjua kwa sauti kuliko kwa umbo. Aliyekwisha kurudi hotelini kabla ya magharibi hatamsikia. Beba maji yako yote, si chini ya lita nne au tano kwa kila mtu, kwa sababu njiani hakuna chemchemi. Na beba koti zito, maana baridi ya juu huwashtua watu wa pwani.

Hapa wengi watauliza: volkano iliyo hai, na watoto wanatungojea nyumbani, tuipande ya nini? Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1977 lava ilitoka ubavuni mwa mlima, wala si kileleni, ikakiangamiza kijiji cha Singani. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba; maelfu ya watu walihama vijiji vyao, na majivu yaliingia kwenye mabirika yakaharibu maji ya kunywa ya sehemu kubwa ya kisiwa. Ikalipuka tena 2006 na 2007. Lakini hatari hii haiji bila kufuatiliwa. Moroni kuna kituo cha kuchunguza volkano kinachosikiliza mitetemo ya mlima, na kabla ya kupanda ni wajibu wako kumtaka kiongozi wa njia aulize hali ikoje. Akikuambia mlima umechafuka, vunja safari bila ubishi, hata kama umekwisha kulipa. Usishuke ndani ya shimo peke yako, kwa sababu gesi nzito hutuama mabondeni; mwenye pumu aishie msituni, ambako kuna ndege wa kumtosha. Kwa maoni yangu, mwenye kuuogopa mlima huu angeelekeza sehemu kubwa ya hofu yake kwenye boti ndogo za kuvukia kisiwa hadi kisiwa, na hizo nitazifikia.

Kambi ya pili, Mwali, ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi. Ni kisiwa kidogo kuliko vyote vinne, na ndiko hifadhi ya kwanza ya taifa zima ilikoanzishwa mwaka 2001, kwa ajili ya bahari na visiwa vya kusini. Baadaye ilipanuliwa ikaingiza nchi kavu, na mwaka 2020 kisiwa kikatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi hai ya binadamu na mazingira. Kijiji cha kwenda kwanza ni Itsamia, mashariki, ambako kasa hupanda kutaga mwaka mzima. Panga kulala huko usiku mbili au tatu, na kabla ya kuchagua tarehe uangalie kalenda ya maji. Kasa jike hupanda gizani, maji yakiwa yamejaa, ili asijiburute juu ya mwamba uliokauka. Akishatoka kwenye mawimbi husimama, husogea kidogo, husimama tena, na wakati huo taa moja ya simu yatosha kumrudisha baharini. Akipapenda mahali, hufukua kwa mapezi ya mbele, mchanga ukiruka nyuma kwa kishindo, mpaka mwili wake umedidimia. Hapo mapezi ya nyuma hushika zamu. Moja hujikunja kama kiganja, huchota mchanga, huupandisha taratibu na kuumwaga pembeni. Halafu la pili. Hupokezana hivyo mpaka shimo linakuwa refu kuliko mapezi yanavyoweza kufika. Mayai huanguka mawilimawili au matatumatatu, meupe, yenye ute, na kwa jumla hukaribia mia moja au kuzidi. Ni wakati huo tu, akishaanza kutaga, ndipo wageni husogea, kwa nyuma, wameinama, na taa nyekundu moja iliyo mkononi mwa kiongozi. Kisha kasa hufukia, hushindilia, hurusha mchanga upya kupoteza dalili, ndipo akarudi majini. Yote hayo huchukua saa mbili au zaidi. Mgeni aliyekodi gari la kumrudisha Fomboni, mji mkuu wa Mwali, saa tatu usiku ataona mchanga unaoruka, basi.

Kwa wenye kamera niseme wazi: acha mweko, na kama huwezi kuuzima, iache kamera chumbani. Vaa nguo nyeusi, tembea kwenye mchanga ulioloa karibu na maji, usikae kati ya kasa na bahari, na usimguse hata akikupita hatua moja. Alfajiri rudi tena ufukweni. Utaona nyayo za waliopanda na kushuka, na ukiwa na bahati, vifaranga wa mayai yaliyotagwa miezi miwili iliyopita wanakimbilia maji. Usiwabebe kuwasaidia, mwendo ule ni sehemu ya safari yao, na mkono wa mtu hauwaongezei kitu.

Baada ya kasa, hamia kusini magharibi kumtafuta popo wa Livingstone. Anaishi Mwali na Nzwani tu, mahali pengine popote hayupo, na yumo katika orodha ya wanyama walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliobaki wanakadiriwa kuwa kama elfu moja na mia chache. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu, mwili mweusi, masikio ya mviringo, na tofauti na popo tuliowazoea, huweza kuruka mchana akielea juu ya hewa ya joto inayopanda bondeni. Hulala wengi pamoja kwenye miti mirefu ya miteremko mikali, na miti hiyo ni michache. Kutoka kijiji cha Ouallah-Mirereni kuna njia ya kupanda hadi ng'ambo ya mojawapo ya makazi yao. Nenda alasiri, ukae kimya upande wa pili wa bonde. Saa ya kwanza utaona vitu vyeusi vinaning'inia. Saa ya pili utaanza kuwatofautisha: wanaogombea tawi, mama aliyemfunika mtoto kwa bawa, anayejipepea. Wanapoanza kuondoka kwenda kula, wanapita juu ya kichwa chako kwa mabawa mapana. Watembezi wengi hugeuka ile saa ya kwanza.

Je, fedha ya mgeni inamsaidia popo kwa kweli, au tunajipa moyo tu? Ushahidi ulio karibu nasi uko Pemba. Popo wa Pemba, binamu wa huyu wa Mwali, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikadiriwa kubaki kwa mamia machache kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Wanavijiji walipounda vikundi vya kumlinda, na mahali kama Kidike wakaanza kupokea wageni kwa kiingilio kinachobaki kijijini, idadi yake ilipanda mpaka leo anahesabiwa kwa maelfu mengi. Sidai kwamba utalii peke yake ndio uliofanya hayo. Elimu na sheria zilikuwamo. Nadai kwamba mti wenye popo uligeuka kuwa na faida ukiwa umesimama. Mwali inahitaji hesabu hiyo hiyo, kwa kuwa huko msitu unashindana na mashamba, na kasa bado anachinjwa kwa siri kwenye fukwe zisizolindwa.

Na hapa ndipo hesabu ya usiku inapopata uzito wa pili. Wapo wanaopinga wakisema wageni wenyewe ndio wanaowafukuza wanyama, bora wasiende kabisa. Pingamizi hili naliheshimu, na lina ukweli kwa mgeni wa kupita. Yeye huja na gari au boti yake, hutaka kumwona mnyama ndani ya dakika ishirini, humsukuma kiongozi asogee karibu zaidi, na fedha yake kubwa imekwenda kwenye mafuta. Anayelala kijijini usiku tatu hulipa kitanda, chakula, kiongozi wa usiku na wa mchana, na kwa sababu hana haraka hana sababu ya kumsogelea mnyama kupita kiasi. Leo asipomwona, kesho yupo. Fedha ile ile, ikitumika mahali pamoja badala ya mahali sita, humlipa mlinzi wa ufukwe. Anayepinga wageni wote kwa pamoja ingefaa aseme nani atamlipa mlinzi huyo badala yao.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana faida nyingine ya kukaa ambayo mtalii wa Ulaya hana. Shikomori, lugha ya huko, ni ndugu wa Kiswahili, na wenyeji wengi wamepita Zanzibar au Dar es Salaam wakakijua Kiswahili chenyewe. Siku ya kwanza mtasalimiana. Siku ya tatu utakuwa unaketi na wavuvi ukiwauliza nyangumi wameonekana wapi, na hilo hakuna kitabu cha wageni kitakachokuambia.

Nyangumi wenye nundu hufika kati ya Julai na Oktoba, wakitoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa na kunyonyesha. Watafute kutoka Nioumachoua, mbele ya visiwa vidogo vya kusini. Toka asubuhi mapema kabla upepo haujainuka. Nahodha azime injini akiwa mbali, mita mia moja hivi, asubiri nyangumi waamue wenyewe kusogea au kwenda zao, na asikate njia kati ya mama na mtoto. Kuruka majini kuogelea nao nakushauri usifanye, hata ukiahidiwa kwamba ni salama; mama mwenye mtoto mchanga amekuja kupumzisha nguvu zake, na kila akikimbia anazipoteza. Siku ambayo nyangumi hawakuonekana, teremka kwenye kisiwa kimojawapo, vaa miwani ya kupigia mbizi, na uangalie matumbawe.

Wakati mzuri basi ni Agosti hadi Oktoba: mvua ni chache, njia ya Karthala haitelezi sana, nyangumi wapo, kasa wapo. Ubaya wake ni upepo wa kusi, unaochafua bahari kati ya visiwa. Boti ndogo huvuka kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani upande wa Mwali, na ni njia rahisi kwa mfuko. Ukiichukua, iwe asubuhi bahari ikiwa imelala, jaketi la kuokolea uvae mwilini badala ya kulikalia, na ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka. Kama kuna ndege ya ndani siku hiyo na unaimudu, panda ndege. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutotia Nzwani katika likizo fupi, pamoja na uzuri wa mito yake na harufu ya mashamba yake: kila kisiwa unachoongeza ni mvuko mwingine, na kila mvuko unaweza kukulia siku nzima ya kungojea. Mwenye wiki tatu aende. Mwenye siku kumi atoe siku mbili kwa Karthala, tano kwa Mwali, na zilizobaki aziweke Moroni mwishoni, akiba ya hali ya hewa.

Mambo madogo nayataja kwa haraka. Viza hutolewa uwanja wa ndege wa Hahaya, lakini thibitisha masharti kabla ya kukata tiketi. Chukua euro taslimu, kwa kuwa faranga ya Komoro imefungwa nayo na mashine za benki Mwali si za kutegemea. Malaria ipo, beba dawa na ulalie chandarua. Ni nchi ya Waislamu karibu wote, kwa hiyo nguo za kuogelea ziishie ufukweni, na ukienda Ramadhani usitegemee kupata chakula cha mchana barabarani. Vijijini utalishwa samaki, muhogo, na mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi, na hutahitaji zaidi.

Siku za Moroni zisiwe za kukaa kitako. Kuna mji wa kale na msikiti wake wa Ijumaa ulio mbele ya bandari, na kuna jumba la makumbusho la taifa, ambako amehifadhiwa gombessa. Huyu ndiye samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na mijusi wakubwa wa kale, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Walimtafuta wa pili miaka kumi na minne, akapatikana Nzwani Desemba 1952, na kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua na wana jina lake. Mchana hujificha ndani ya mapango ya lava, mita mia moja hamsini na zaidi chini ya maji, kwenye ukuta wa Ngazija unaoteremka ghafla kwa sababu kisiwa ni kichanga. Mwaka 1987 mtafiti wa Ujerumani Hans Fricke alishuka na chombo cha kuzamia akampiga picha akiwa hai kwenye ukuta huo. Tanzania nayo inaye: tangu 2003 amekuwa akinaswa na nyavu, hasa Tanga, na hifadhi ya bahari ya huko, iliyoanzishwa 2009, imepewa jina lake. Mgeni hawezi kumfikia akiwa hai, na atakayekuambia atakupeleka kumwona, mkatalie. Mtazame makumbushoni, hasa yale mapezi manene yaliyoota juu ya mashina ya nyama.

Kwa zawadi, nunua vanila, karafuu, au kichupa cha mafuta ya mlangilangi, ambayo Komoro ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wake duniani. Kabla ya kulipa, uliza yanakenekwa kwa kuni za wapi, kwa sababu vinu vya mafuta hayo hula miti mingi, na muuzaji anayeulizwa hivyo na kila mgeni ataanza kuwauliza wanaomletea. Ganda la ng'amba, fuvu la kasa na kipande cha tumbawe viache vilipo; sheria za kimataifa zinakataza au kudhibiti biashara ya vitu hivyo, na forodha za Dar es Salaam na Nairobi zina haki ya kuvitwaa na kukushtaki.